Mhariri kanirudishia mswada umejaa wekundu, nikubali kipi na nikatae kipi?

mjukuu_wa_manamba ameuliza:

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu hasa nyie mliowahi kutoa kitabu au mnaofanya kazi kwa wachapishaji, maana hapa nilipo kichwa kimejaa na sijui nianzie wapi.

Nimeandika riwaya, ndo ya kwanza. Inahusu mzee mmoja Muha, kitabuni namwita babu tu, alichukuliwa Kigoma miaka ya hamsini kuja kukata mkonge Tanga, wale waliokuwa wanaitwa manamba kwasababu kila mtu alikuwa na namba yake, na hakurudi tena kwao, akaoa, akazikwa kulekule Muheza. Ni hadithi ya kutunga ila nimeijenga kwenye maneno ya babu yangu na wazee wenzake ambao nilikaa nao sana nikiwasikiliza, wengine washatangulia mbele ya haki, kwahiyo kwangu hii sio kazi ya kujaribu bahati, nimeiwekea moyo.

Mchapishaji mmoja aliupenda mswada tukasaini mkataba. Sasa juzi mhariri kanirudishia faili, ile ya Word inayoonyesha kila kilichofutwa na kila kilichoongezwa, aisee ni nyekundu kuanzia juu mpaka chini. Sura tatu za mwanzo kazipiga mstari zote. Hizo sura ndo zinaeleza mkonge ulivyofika nchini, yule Mjerumani Hindorf alivyoagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893 ikafika Tanga mizima 62 tu, mashamba yalivyotanuka, watu walivyoanza kuandikishwa kutoka bara. Pembeni kaandika "hadithi inaanza sura ya nne, babu anaposhushwa kwenye lori Korogwe". Basi, sentensi hiyo moja, hakuna maelezo mengine, wakati zile sura ndo zilinichukua muda kuliko zote.

Alafu akaingia kwenye lugha. Kila nilipoandika kipande, ile karatasi ya manamba ya kujazwa siku alizofanya kazi, kaweka "kadi ya kazi". Manamba kawafanya "vibarua". Korona, pale majani ya mkonge yanaposagwa, kaifanya "kiwanda" na kaeleza kwamba msomaji wa saivi akiona korona atafikiria ugonjwa. Mzee wangu anaongea Kiswahili cha Muha aliyejifunzia lugha kambini, yeye kamnyoosha mpaka anaongea kama mtu anasoma taarifa ya habari.

La mwisho kuna sura mjane mmoja anaanza mahusiano na nyapara. Hakuna matusi pale, kuna chumba, taa ya kibatari na watu wawili wapweke. Kaniambia sura nzima iondoke kwasababu wanataka kuombea kitabu ithibati kiende mashuleni.

Mjomba wangu anasema vunja mkataba. Rafiki yangu ambae nae anaandika anasema meza tu, wewe bado mchanga, ukishapata jina ndo utabisha. Mimi sitaki kuwa mwandishi asiyeambilika lakini pia sitaki kitabu kitoke na jina langu juu alafu wale wazee wasijitambue ndani. Nyie mnafanyaje? Na mnamwambiaje mhariri bila kuharibu uhusiano?

---

kalamu_nyekundu amejibu:

Dada pole, na hongera kwanza, kupata mkataba kwa riwaya ya kwanza sio jambo dogo maana wachapishaji wengi huku kwetu wanaishi kwa vitabu vya kiada na riwaya wanaitoa wakiwa na moyo nayo kweli. Mimi nahariri, ni kazi yangu kwa miaka mingi sasa, kwahiyo nitakuambia jinsi inavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Kinachokuumiza naona ni kwamba mhariri kakuletea vitu vitatu visivyofanana ndani ya faili moja na vyote vina rangi ileile nyekundu. Sura kutolewa hiyo ni habari ya muundo. Kipande kuwa kadi ya kazi hiyo ni lugha. Mjane kuondolewa hiyo ni soko, haina uhusiano na ubora wa mswada wako hata kidogo. Ukivisoma kwa pamoja unaona mtu anakushambulia, ukivitenga utaona unaweza kumkubalia kimoja kwa moyo mweupe na kumkatalia kingine kwa moyo mweupe vilevile. Sehemu nzuri wahariri wa kazi hizi wanakuwa wawili au watatu, mmoja anaangalia mswada unasimamaje, mwingine anapita lugha, wa mwisho anasoma prufu, yaani nakala ya kukagua makosa kabla ya kuchapwa. Kwetu mara nyingi ni mtu huyohuyo, ana miswada mingine mezani, na vitabu vya shule vinamsukuma, ndo maana unaletewa sentensi moja pembeni bila maelezo. Ufupi ule usiusome kama dharau.

Kuhusu sura tatu, kwa maelezo yako mimi nipo upande wake. Mtu anafungua riwaya anatafuta binadamu wa kushikana nae mkono, wewe unampa mwaka 1893 na idadi ya miche. Ni habari nzuri, nimependa kuijua, lakini babu bado hajaingia mlangoni. Chinua Achebe ile riwaya yake ya kwanza, ambayo sisi tuliisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, aliianza ikiwa ni hadithi ya vizazi vitatu ndani ya kitabu kimoja. Mwaka 1956 akiwa masomoni BBC London mwandishi mmoja wa pale, Gilbert Phelps, akaisoma akaipenda akataka kuipeleka kwa mchapishaji, Achebe mwenyewe akasema bado. Akarudi nayo Nigeria akazitoa sehemu mbili akabaki na ya Okonkwo peke yake akaiandika upya. Heinemann wakaitoa 1958. Na habari ya mjukuu wa Okonkwo haikupotea, ilitoka 1960 kama kitabu kingine kinachojitegemea. Hakuna mhariri aliyemlazimisha kukata, alikuwa na jicho la kujua hadithi ipi imekomaa.

Kwahiyo usizitupe. Zihifadhi kwenye faili lake, alafu angalia ndani yake kuna nini ambacho babu angeweza kukutana nacho kwa miguu yake. Ile miche 62 kwa mfano, mzee wa zamani pale kambini anaweza kumsimulia babu usiku wa kwanza, tena akaisimulia vibaya, akaongeza chumvi, na msomaji akapata historia yako yote huku akiwa amekaa na watu.

Kwenye lugha hapo simuungi mkono kabisa. Kipande sio kadi ya kazi. Kipande kilikuwa na siku 30 za kazi za kujaza, na usipomaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo haihesabiki, kwahiyo mtu anaweza kukaa mwezi na nusu ndo anapata mshahara wa mwezi. Huo ni mfumo mzima wa maisha na neno lake lipo. Ukiliondoa umeondoa na njaa iliyokuwa ndani yake. Msomaji wa Mwanza asiyelijua atalielewa kwenye ukurasa wa tatu, wasomaji sio wavivu kama tunavyowadhania.

La mjane nitarudi baadae, ngoja nisikie na wengine.

---

chuma_cha_pua amejibu:

Mimi nasema usiguse hata nukta. Kitabu ni chako, jina ni lako, wazee ni wako. Mhariri akitaka riwaya ya watoto wa shule aandike yake.

Na mfano upo, kuna Mmarekani anaitwa Raymond Carver aliandika hadithi fupi, mhariri wake Gordon Lish akazikata zaidi ya nusu, akabadilisha mpaka miisho na majina ya baadhi ya hadithi. Carver alivyoona Julai 1980 alimwandikia barua ya kumsihi asimamishe kitabu, yaani mtu mzima anaomba kazi yake mwenyewe isichapwe. Kikachapwa hivohivo 1981. Kikampa umaarufu mkubwa, sawa, lakini umaarufu wa sauti ambayo nusu yake ni ya mtu mwingine, na akaishi na hilo mpaka anafariki 1988. Mwaka 2009 ndo mjane wake akatoa zile hadithi kama zilivyokuwa kabla hazijakatwa na nyingi zina huruma na pumzi ambayo kwenye kitabu cha mwanzo haimo kabisa. Kubali kubali hizi mnazoambiwa na watu wenye uzoefu ndo zinafikisha huko.

---

msomaji_wa_usiku amejibu:

chuma_cha_pua huo mfano ni wa kweli ila ni upande mmoja mkuu. Kuna na mshairi T.S. Eliot, shairi lake refu la 1922 lilikatwa karibu nusu na rafiki yake Ezra Pound, kurasa zenye kalamu ya Pound zilichapwa 1971 na mtu yoyote anaweza kuona nini kilitoka, na ukiviona vilivyotoka unashukuru vilitoka. Eliot alimkubalia mengi sio yote, na shairi akamtunukia Pound.

Ninavyoona mimi tofauti ya hawa wawili sio kiasi kilichokatwa. Pound alikuwa mshairi mwenzake, hana mkataba nae wala hamdai kitu, na Eliot alikuwa na nafasi ya kusema hapana akasikilizwa. Carver alisema hapana haikusikilizwa. Kwahiyo dada badala ya kupima wino mwekundu ni mwingi kiasi gani, jaribu kukataa kitu kimoja kidogo chenye sababu nzuri uone mhariri wako anapokeaje. Hapo ndo utajua uko na nani.

---

muendelezo_kesho amejibu:

Mi natoa hadithi WhatsApp, watu wananunua kwa M-Pesa naweka sehemu kila jioni, kwahiyo sina mhariri nina watu kwenye magrupu na hao wakosoaji wanakosoa kabla chai haijapoa. Nakuambia kitu kimoja nilichokiona huko. Msomaji akilalamika kwamba sehemu fulani imemchosha, imemchosha kweli, hilo halina mjadala huwezi kumbishia mtu amechoka au hajachoka. Lakini akianza kukuambia ufanyaje ndo unatakiwa uwe makini, maana wangu mimi kila mhusika akiumwa wanataka apone na kila binti akiachwa wanataka huyo jamaa agongwe na gari. Ningekuwa nafata hizo hadithi zingekuwa moja tu.

So mhariri wako anaposema sura tatu zinachelewesha, amini hicho. Anaposema zifutwe zote hilo ni pendekezo lake, yawezekana dawa ni kufuta, yawezekana ni kuzisambaza kama alivyosema kalamu_nyekundu, yawezekana ni ukurasa mmoja mkali badala ya sura tatu. Hata hiyo ya korona, ana wasiwasi wa kweli pale, kuna msomaji atashtuka kwa sekunde mbili. Babu anaposhuka kwenye lori si anasikia mngurumo na harufu ya mkonge uliosagwa, akauliza kile nini, akaambiwa korona. Imeisha. Neno limebaki na wasiwasi wa mhariri umetibiwa.

Ila wapeni wahariri heshima yao jamani. Huku kwetu msomaji akikupenda anaandika "arosto imenishika weka nyingine", inafurahisha moyo na inalipa kodi ya nyumba lakini haikufundishi kitu. Mtu aliyekaa na mswada wako mpaka akakumbuka kwamba sura ya nne babu alikuwa na kovu mkono wa kushoto na sura ya kumi limehamia kulia, huyo mimi namtafuta na simpati.

---

mvita_wa_kale amejibu:

Salaam alaikum jamaa zangu. Mwanangu mjukuu_wa_manamba, hili la kunyooshwa lugha sisi watu wa Mombasa na Lamu tumelijua zamani, kabla hujazaliwa wewe wala huyo mhariri wako.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia Kiswahili cha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na msingi ukawa ni Kiunguja. Vitabu vya shule vilipitia kwao vikapewa ruhusa ndio vichapwe. Miaka ile ya mwanzo wajumbe walikuwa Wazungu, maafisa wa elimu na wamishonari, na katibu wake alikuwa Frederick Johnson. Sasa fikiri mtu wa Mvita, yaani Mombasa, aliyelelewa na tungo za Muyaka, malenga wetu wa zamani, anarudishiwa kazi yake imesahihishwa na mtu aliyejifunza lugha chuoni, anaambiwa hivi unavyosema nyumbani kwenu sivyo. Walifanya kazi kubwa sikatai, kamusi walitunga na lugha ikavuka mipaka, lakini wallahi wazee walilia. Na ile tabia ya kusahihisha kila kisichofanana na kitabu haijatoka mpaka leo, imehamia tu kwa watu wetu wenyewe.

Mimi natunga mashairi. Nilipeleka shairi kwenye gazeti fulani, lilikuwa na mshororo huu: "Nimefumba yangu mato, moyo unawaka moto". Mhariri akaona mato si sanifu akaweka macho. Haya niambieni, kina cha kati kimekwenda wapi? Beti zote zina -to -to, pale katikati pakaingia -cho, shairi likawa kiwete mbele za watu na jina langu liko chini. Nikamwandikia kwa adabu nikamuonyesha vina, nikamuonyesha kuwa hata mizani alizihesabu sawa lakini sikio hakulitumia, akanielewa, na tangu siku hiyo tumekuwa marafiki na kila nikimpelekea kazi yenye Kimvita ananiuliza kwanza. Na msifikiri nilimkatalia kila kitu. Kulikuwa na beti mbili akaniambia zinasema lilelile la beti za juu yake, nikazitoa, shairi likapumua.

Na jambo jingine. Nasikia vijana wanasema ukosoaji ni mambo ya Wazungu sisi tunaoneana haya. Si kweli. Muyaka alikuwa akirushiana tungo na washairi wa Lamu, mtu anatungiwa shairi la kumpinga nae anajibu kwa vina vilevile. Gazeti la Mambo Leo lililoanza 1923 huko Dar lilikuwa na ukurasa wa mashairi, watu wa Tanga na Pangani na Unguja wanajibizana mle, ukikosea mizani unaambiwa hadharani na kwa shairi. Hapana aliyefariki kwa hilo. Watu walikosoana kwa kuwa kila mmoja alikuwa anaijua kazi ya mwenziwe neno kwa neno, na hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Kwa hivyo Muha wako mwache aseme Kiswahili cha kambini. Lakini hakikisha anakisema sawasawa kila ukurasa. Kama ukurasa huu anasema hivi na ukurasa ule vingine, basi mhariri ana haki ya kufikiri ni makosa ya chapa.

---

mjukuu_wa_manamba ameandika:

Asanteni sana wakuu, mzee mvita_wa_kale shikamoo, nimesoma jibu lako mara mbili na hilo la mwisho limenigusa maana ni kweli mzee wangu kwenye sura za mbele anaongea Kiswahili kilichonyooka kidogo kuliko za mwanzo, nilitaka ionekane anabadilika kadri anavyokaa Tanga ila sasa naona msomaji asiyeambiwa anaweza kudhani nimejisahau.

Nimempigia mhariri leo. Nilikuwa na hasira lakini nikamuuliza tu swali moja, zile sura tatu zilikusumbua wapi hasa. Akaniambia alipofika sura ya nne alisahau anafanya kazi, aliendelea kusoma mpaka usiku, na ndo akajua zile za mwanzo zinamzuia mtu kufika huko. Sikutegemea. Kwahiyo za muundo nimeshakubali na ile ya mzee kusimulia miche 62 naanza kuiandika kesho.

Lugha kaniambia niandike sababu zangu atazipeleka kwa mkubwa wake. La mjane kasema sio uamuzi wake, kitengo cha masoko ndo kinataka. Sasa hapo kisheria nina sauti au sina?

---

mrabaha_kwanza amejibu:

Una sauti. Fungua mkataba tafuta kifungu kinachoongelea uhariri, mikataba mingi inasema mchapishaji ana haki ya kuhariri, sasa angalia kama wameweka "kwa kushauriana na mwandishi" au "kwa idhini ya mwandishi" au hawajaweka kitu. Idhini ni kubwa kuliko kushauriana, wakishauriana na wewe ukasema hapana bado wanaweza kuendelea. Angalia pia kama unatakiwa kusaini prufu ya mwisho kabla haijaenda mtamboni, hiyo saini ni silaha yako usiitoe bila kusoma kitabu chote upya hata kama wanakuambia wanawahi.

Na nje ya mkataba ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inampa mtunzi haki ya kutajwa jina na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomharibia heshima. Sikwambii ukimbilie huko kwa ajili ya sura moja, kesi ni pesa na miaka, na mchapishaji mwenye kesi na wewe hatauza kitabu chako. Ila ukiongea nao ujue haupo unaomba hisani.

Kitu kingine watu hawaulizi mapema, mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa. Kama ni ile asilimia 10 ya kawaida basi piga hesabu, kitabu kikiingia shule unaongea nakala nyingi sana tofauti na riwaya ya kuuzwa dukani. Masoko sio wajinga. Ni lazima uijue bei ya kukataa kabla hujakataa, alafu ukishaijua ukaona bado unakataa hapo utalala vizuri.

---

mwalimu_wa_fasihi amejibu:

Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita, naomba niseme la shule kwa uzito maana naona linaongelewa kama vile wanafunzi wangu ni mayai.

Watoto wangu wana miaka 17, 18, 19. Wanajua mjane ni nani na nyapara ni nani, wengine wamelelewa na wajane. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni, na miaka ikapita ikaja kusomwa hukohuko shuleni. Kitabu hakikubadilika neno, waliobadilika ni watu wazima. Kwahiyo kuandika kwa kuogopa kamati ya leo ni kuandika kwa ajili ya watu ambao baada ya miaka kumi hawatakuwepo kwenye viti vyao.

Lakini dada nikuulize kama mwalimu, hiyo sura inafanya kazi gani kwenye hadithi? Kama ukiitoa babu anabaki vilevile na mwisho unabaki vilevile basi masoko wamekuokoa bila kujua. Kama nyapara anampa mjane siku za kipande ambazo hakufanya kazi, na babu anaziona, na ndo ugomvi unaanzia hapo, basi hiyo ni nguzo na mwambie mhariri hivohivo kwamba sura hiyo ikitoka ugomvi unakosa sababu. Mhariri anaweza kupeleka hoja kama hiyo kwenye kikao ikasikika. "Nimeiandika kwa uchungu" haiwezi kupelekwa kwenye kikao.

---

mjukuu_wa_manamba ameandika:

Mwalimu umejuaje. Ndo hivo kabisa, nyapara anamwandikia mjane siku ambazo hakuingia shambani na babu anakatwa siku zake ili hesabu ya shamba ilingane. Bila ile sura ugomvi wao unaonekana ni wivu tu.

---

kalamu_nyekundu amejibu:

Basi hapo umeshapata barua yako. Niliahidi kurudi kwenye la mjane, mwalimu kamaliza, mimi naongeza jinsi ya kuiandika tu.

Usijibu kwa simu tena. Andika barua pepe, fupi, anza na yale uliyokubali na useme umeyafanyaje, yaani "sura tatu nimezitoa, habari ya miche imehamia sura ya tano kwenye mdomo wa mzee fulani". Mhariri akiona hivyo anajua umemsoma, na kila utakachokataa chini yake anakipokea kama hoja. Kwenye lugha usimwandikie insha, mtengenezee orodha, kipande, manamba, korona na mengine yote, mbele ya kila moja weka mstari mmoja wa maana na uombe yabaki, hiyo orodha ataibandika ukutani na itamsaidia hata msoma prufu asije akayasahihisha tena mwishoni, maana hiyo hutokea sana, mhariri kakubali alafu mtu wa mwisho asiyejua makubaliano anarudisha kila kitu. Kuhusu namna mzee anavyoongea omba kikao cha nusu saa mpitie sura moja pamoja mkubaliane kanuni, kwa mfano kama anakosea ngeli basi anakosea ngeli zipi na mpaka sura ya ngapi.

La mjane andika aya moja, sababu ya hadithi kwanza. Alafu wape njia, sema upo tayari kupunguza maelezo ya chumbani lakini siku za kipande na kibatari vibaki. Mimi nikiwa kwenye kikao na watu wa masoko nikiletewa hivo nina kitu cha kupigania. Nikiletewa "sikubali" peke yake nashindwa kabla sijakaa.

---

mvita_wa_kale amejibu:

Marahaba mwanangu. Hiyo orodha ya maneno ukiimaliza nitumie inboksi niitazame kabla hujampelekea, hapa Mombasa nina jamaa waliofanya kazi mashamba ya mkonge ya Kilifi, nitawauliza nao walikuwa wakiyaita vipi mambo hayo. Ukipata wenzio wa Tanga wawili watatu na wa huku wawili watatu wanasema neno moja, huyo bwana mkubwa wa ofisini hatakuwa na la kusema.

---

mrabaha_kwanza amejibu:

Na wakikubali sura ya mjane ibaki waambie wakuandikie, hata kwa barua pepe ya mistari miwili, uiweke na mkataba. Mpaka hapo nakala yako ya zamani usiifute popote.